Matangazo arobaini na moja yaliyokataa kutoka

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumatatu, umeme unarudi Murara, mtaa wa Goma. Olive Kaswera anausikia kabla ya kuuona: cherehani ya jirani inaguruma upande wa pili wa ukuta wa mbao, na kompyuta yake inaanza kupumua. Anafanya ishara ya msalaba, anavuta kiti, anafungua ukurasa ambao tangu Ijumaa ameufungua mpaka kidole kimechoka.

Ukurasa unafunguka vizuri. Juu kuna jina lake: Wanaotafutana. Chini kuna mahali pa kuandika jina la mtu unayemtafuta. Chini zaidi, pale ambapo majina yalitakiwa yajipange kama watu kwenye foleni, kuna maneno mawili tu. Aliyaandika mwenyewe wiki tatu zilizopita, akidhani hakuna atakayeyaona.

"Hakuna tangazo."

Olive anasonya.

"We Olive," sauti ya Mama Dorine, fundi cherehani na mwenye nyumba, inapenya kati ya mbao. "Uko napigana na nani asubuhi hii?"

"Na ordi," Olive anajibu, macho kwenye kompyuta.

"Ijumaa ilikushinda, Jumamosi ikakushinda. Si uombe radhi muishe?"

"Uniombee, Mama Dorine."

"Nakuombea. Lakini ukule kwanza. Mungu hatakulia mahali pako."

Olive ana miaka thelathini na miwili. Alizaliwa Butembo, mtoto wa tatu wa mfanyabiashara wa maharage, na alikuja Goma kusomea kompyuta. Masomo yaliishia mwaka wa tatu, baba yake alipougua na lori likauzwa. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe, kwa mega za intaneti za kununua kidogo kidogo na kwa kuharibu kazi za watu waliokuwa na subira.

Leo anaishi kwa kutengeneza programu zinazofunguka kwenye simu bila kupakuliwa: orodha ya dawa ya duka moja, ratiba ya shule mbili, bei za mahindi kwa wanunuzi wa Beni. Mwezi mzuri humpa dola mia mbili na hamsini. Mwezi mbaya humpa ahadi.

Kazi ya Wanaotafutana aliletewa na parokia anakosali. Tangu kambi za wakimbizi za Mugunga zilipovunjwa, watu walitawanyika kila upande, wengine Sake, wengine Masisi, wengine ng'ambo ya ziwa. Mama alipanda gari hili, mtoto akapanda lile. Waliobaki mjini walikuja parokiani kuuliza, na aliyewapokea ni Cyprien Buhendwa, katekista wa miaka sitini na minane, ambaye kila mtu anamwita Papa Cyprien.

Papa Cyprien aliandika majina kwenye daftari. Daftari likajaa, akafungua la pili. Alipofika la nne, mzaliwa mmoja wa parokia anayeishi Ulaya alimlipia nafasi kwenye ghala la maandishi, yaani mfumo wa kampuni ya mbali ambamo mtu anaingia kwa nywila yake, anaandika, anasahihisha, anahifadhi, bila kujua lolote la ufundi. Papa Cyprien alijifunza siku tano. Anaandika kwa vidole viwili, kimoja cha kila mkono.

Lakini ghala ni ghala. Aliye Minova, ng'ambo ya ziwa, hawezi kuchungulia ndani. Ilihitajika programu ya kumwonyesha, na njia ya kutoa maneno kule ghalani na kuyaleta mpaka kwenye simu yake. Hiyo njia ndiyo kazi ya Olive.

"Mi sichungi maneno," anaeleza. "Maneno iko kwa Papa Cyprien. Akibadilisha jina asubuhi, batu bote baone jina mupya asubuhi ile ile, bila kunipigia simu. Mi natengeneza dirisha na njia. Dirisha inagonga ku ghala, inaonyesha ufunguo, inasema: unipe matangazo. Ghala inapashwa kujibu."

Ghala linajibu. Hilo ndilo linalomnyima raha. Lingekataa, angejua ufunguo ni mbaya. Lingenyamaza, angelaumu rezo, yaani mtandao. Linajibu kwa adabu, mara moja, kwamba halina kitu.

Ijumaa alibadilisha ufunguo. Jumamosi alihakiki anwani ya ghala herufi kwa herufi, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Jumapili hakugusa kompyuta, ila kanisani, wakati wa mahubiri, alikuwa akihesabu mistari ya programu kichwani, na anakiri hilo bila kujitetea. Jioni, kwa simu, aliwaandikia wenye ghala.

Jumatatu hii, saa tatu, jibu lao linaingia. Kwao kila kitu ni kizima. Ghala la parokia lina matangazo arobaini na moja.

Olive anasoma ile namba mara mbili. Anafunga kompyuta, anaitia mkobani, anatoka.

"Umeshinda?" Mama Dorine anauliza, pini mdomoni.

"Naenda kuangalia kwa macho."

Ofisi ya Papa Cyprien iko nyuma ya kanisa, ngazi tatu za mawe meusi kutoka uani. Nje ya mlango kuna benchi, na kwenye benchi, kama kila siku ya wiki hiyo, ameketi Mama Mukamurenzi.

Mukamurenzi ana miaka hamsini na kitu. Alitoka upande wa Masisi, akakaa Mugunga miaka miwili chini ya turubai. Siku ya kuondoka alipotezana na mwanawe, Jean-de-Dieu, kijana wa miaka kumi na tisa, kwenye barabara ya Sake. Tangu hapo analala kwa mama mmoja wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya parokia, na mama huyo naye ana watoto wanane. Sasa binamu yake aliye Minova amemwita, na parokia imempatia nafasi kwenye boti ya Alhamisi. Simu hana. Tangazo lake, alilomwambia Papa Cyprien kwa mdomo wiki mbili zilizopita, ndilo kitu pekee atakachokiacha Goma.

"Binti," anamwuliza Olive, "ile kitu yenu inafunguka?"

"Bado, Mama."

"Alhamisi mimi ninaenda. Mwanangu akikuja kunitafuta Mugunga, atakuta mawe."

Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu anayetaja siku ya soko. Olive anajibu kwamba amesikia, anaingia ndani.

Papa Cyprien anamkaribisha, anafuta kiti kwa kitambaa. Olive anamwomba aonyeshe ghala lake. Mzee anaingiza nywila, kidole kwa kidole, akifunika kwa mkono wa kushoto, na orodha inafunguka. Yote yapo. Majina, umri, kijiji, nguo mtu aliyokuwa amevaa. Arobaini na moja, yameandikwa safi kuliko Olive alivyotazamia.

Ndipo anaona. Kando ya kila jina kuna neno dogo la rangi ya majivu: brouillon. Rasimu. Yote arobaini na moja ni rasimu, na ghala halimpi mpita njia rasimu ya mtu. Limekuwa likimwambia ukweli tangu Ijumaa.

"Papa Cyprien," anasema polepole, kwa kuogopa kumwaibisha, "kuko bouton ya kutolea tangazo pale chini. Publier. Pengine hawakukuonyesha."

"Walinionyesha siku ya kwanza."

"Sasa?"

"Sasa nini? Bado hayajasomwa ku misa." Mzee anamtazama kama anavyomtazama mtoto wa katekisimu aliyesahau amri ya nne. "Tangazo haitoki bila kusomwa. Padiri anasoma Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mutu mwenye kuwa na neno, aseme. Kiisha njo napublier. Si ni vile tunafanya kwa ndoa?"

Tangu Ijumaa Olive alikuwa akichokonoa nyaya, kumbe kilichofunga njia ni desturi.

"Lakini hii si ndoa, Papa."

"Haiko ndoa. Ni mubaya kuliko ndoa." Papa Cyprien anavua miwani. "Wewe unajua kompyuta. Mimi najua batu. Kule Mugunga tulibandika majina ku mulango wa kapela. Mutu mumoja akasoma, akaandika ku mukono wake. Kesho yake akakuja, anaita mutoto kwa jina, jina la mama analijua, kijiji anakijua. Tukamupa mutoto. Siku ine, Olive. Siku ine tunamutafuta ule mutoto, tukamupata Sake, anabeba maji kwa nyumba ya batu hawajui hata jina yake. Nani aliandika ile karatasi ya ku mulango?"

Hasubiri jibu; aliiandika yeye. Anarudisha miwani.

Olive anafungua kompyuta yake juu ya meza, kando ya madaftari manne. Ana ufunguo mwingine, ule wa fundi, unaofungua hata rasimu. Anabadilisha mstari mmoja wa programu. Anagusa kitufe.

Majina yanajaa dirishani. Arobaini na moja, yamejipanga kwa herufi, na kati yake lipo la Mukamurenzi anayemtafuta Jean-de-Dieu. Njia ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Papa Cyprien anainama, anayasoma yote bila kutamka.

"Batu ba Minova bako nabiona hivi?"

"Apana. Ni ku ordi yangu tu. Lakini naweza kuyatoa. Sasa hivi, yote."

"Bila mimi?"

"Bila wewe."

"Sasa, kama unaweza, juu ya nini ulikuja kuniuliza?"

Olive anasema baadaye kwamba swali hilo lilimkaa. Alifikiri juu ya benchi la nje, na boti, na jina moja ambalo lingeweza kuwa Minova kabla ya mwenyewe kufika. Alifikiri pia juu ya yule mtoto anayebeba maji. Kisha akarudisha ule mstari ulivyokuwa, na dirisha likasema tena: Hakuna tangazo.

"Ufunguo ni yangu," anamjibu mzee. "Maneno ni yenu."

Wanaenda wote wawili kwa Padiri Aubin, paroko, wanayemkuta uani akikagua mifuko ya saruji. Mukamurenzi, ambaye amesikia kila kitu kupitia mlango ulio wazi, anawafuata bila kuitwa.

Padiri anasikiliza, mkono juu ya mfuko. "Jumapili tatu ni za ndoa, Papa Cyprien. Kanisa halijasema hivyo kwa anayemtafuta mtoto wake."

"Na mutoto, Padiri, haistahili kulindwa sawa vile ndoa?"

Padiri anakuna kidevu.

"Wewe, Kaswera, unasemaje?"

"Mi nasema Jumapili ya tatu Mama huyu atakuwa ng'ambo, na hana simu."

Anayejibu ni Mukamurenzi.

"Mimi sijui kusoma," anasema. "Lakini ng'ombe wa jirani akipotea akafika kwetu, mtu akija kumdai, hatumuulizi rangi. Rangi kila mtu ameona. Tunamuuliza alama yenye mwenye ng'ombe tu anajua. Akija mtu anasema yeye ni Jean-de-Dieu, mumuulize: siku ya barabara ya Sake, mama yako alibeba nini kichwani? Mimi nitawaambia jibu, Papa Cyprien aliandike. Lakini lisiingie kwenye hiyo mashini."

Papa Cyprien anatoa kalamu mfukoni.

Yanakubaliwa hapo hapo uani. Tangazo la mtu mzima litasomwa misa moja tu, hata ya siku ya kazi, na watu wawili wa shirika watasimama kusema wanamjua anayetafuta. La mtoto mdogo litasubiri Jumapili zake tatu. Mahali mtu anapolala hapataonekana dirishani. Kila tangazo litakuwa na swali lake, na swali na jibu vitabaki kwenye daftari, kwa wino.

Jumanne nzima Olive anafanya kazi ambayo haikuwa katika mapatano. Ndani ya ghala anaongeza kisanduku kimoja: Imesomwa misani. Kisipotiwa alama, kitufe cha kutoa tangazo hakibonyezeki. Anaagiza njia iache nyuma kila kitu kinachohusu mahali pa kulala. Saa nane umeme unakatika. Anahamia kwa Mama Dorine, mwenye betri ya jua, na kumalizia kazi kwenye kona ya meza ya kukatia vitambaa.

"Sasa programu yako imebatizwa," Mama Dorine anamwambia. "Bado komunio."

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, kanisa lina watu kama thelathini, wengi wao kina mama wanaopitia kusali kabla ya kushuka sokoni. Baada ya komunio Padiri Aubin anasoma jina moja. Mukamurenzi anasimama. Mama anayemhifadhi anasimama naye, na upande wa pili, Nshobole, mzee wa shirika. Hakuna mwenye neno.

Papa Cyprien anatoka sakristia, anapanda zile ngazi tatu, anaketi. Anatia alama kwenye kisanduku. Anapangusa kidole kwenye suruali, anabonyeza Publier mwenyewe. Olive amesimama nyuma yake, simu mkononi.

Hakuna kitu.

"Imekataa," mzee anasema.

"Subiri kidogo, Papa. Njia ni mbali."

Dirisha linatikisika kidogo, na jina moja linatokea, peke yake katika weupe wote ule.

Mukamurenzi anaomba aonyeshwe ni wapi. Olive anamshikia simu. Mama yule anaweka kidole juu ya jina lake, na ukurasa unageuka, maandishi yanajaa. Anauondoa mkono kama aliyegusa chungu cha moto.

"Nimeiharibu?"

"Apana, Mama. Umeifungua."

Kesho yake, Alhamisi, Mukamurenzi anapanda boti kwenye bandari ya Kituku, na mfuko wa unga na blanketi. Olive anamsindikiza mpaka kwenye maji. Hawaongei mengi. Mama yule anauliza kama dirisha linaonekana hata Minova, Olive anasema ndiyo, na yeye anasema basi, inatosha.

Wiki tano zimepita. Matangazo yaliyopitia dirishani yamefika sitini na matatu. Papa Cyprien ameondoa kumi na saba: kumi na manne kwa sababu watu wameonana, matatu kwa sababu nyingine, na hayo yalisomwa tena misani, kuwaombea marehemu. Matangazo ya watoto wadogo ni tisa. Yanatoka kwa utaratibu wake, Jumapili kwa Jumapili, na kuna wazazi wanaomlalamikia mzee kwa hilo. Anawapa kiti na kuwasikiliza. Habadilishi.

Kwa jina la Jean-de-Dieu zimepigwa simu mbili ofisini kwa Papa Cyprien. Ya kwanza ilikuwa ya kijana mwenye sauti tamu, aliyesema ndiye mwenyewe na akauliza kama mama ameacha msaada wowote parokiani. Papa Cyprien alimuuliza alichobeba mama kichwani. Kijana akasema sufuria. Kisha akasema godoro. Kisha simu ikakatika. Mzee aliandika tarehe daftarini, na neno moja: hapana.

Ya pili ilitoka kwa mwanamke wa Sake. Alisema kuna kijana wa jina hilo anayepakua makaa, anayetafuta mama, ila ni mwoga wa simu. Nshobole ana ndugu huko, na ndugu huyo amepewa swali, bila jibu. Jibu lenyewe hata Olive halijui, na hajaliulizia.

Parokia moja ya Bukavu na nyingine ya Beni zimemwomba Olive awafungulie dirisha kama hilo, kila moja na ghala lake. Atakwenda Beni kwanza, barabara ikiruhusu. Safari hii, anasema, kompyuta itakaa mkobani siku ya kwanza yote.

"Nitakaa kwanza na mwenye kuandika," anasema. "Nitamuuliza: kwenu, neno likisha kuandikwa, nani analisoma mbele ya batu bote? Ile njo ya kwanza. Ufunguo ni ya mwisho."

Kila asubuhi, umeme ukirudi, bado anafanya ishara ya msalaba na kuufungua ukurasa kabla ya kunywa chai. Anateremka mpaka kwenye herufi M. Jina la Mukamurenzi bado lipo. Anajua kwamba siku litakapokosekana, hatapigiwa simu na mtu. Papa Cyprien atakuwa ameliondoa kwa kidole chake, na dirisha litajifunga pale jina lilipokuwa kana kwamba halijawahi kuwepo.

Yale maneno mawili aliyoyaandika mwenyewe hajayafuta. Yamefichwa chini ya majina, yakisubiri zamu yake. Mama Dorine alimuuliza juzi, pini mdomoni, kwa nini anabaki na maneno yaliyomnyima raha siku nne nzima.

"Juu siku moja nataka kuyaona tena," Olive alimjibu. "Nifungue asubuhi, nikute 'Hakuna tangazo', na ikuwe kweli."

Mama Dorine alitoa pini mdomoni. "Amina," alisema, akarudi kwenye cherehani.